Watoto gerezani: tuonyeshwe hali, si sura

Gereza kuu la Bukavu, mashariki mwa Kongo, lilijengwa enzi za Wabelgiji kwa wafungwa wapatao 500. Kabla ya wafungwa kutoroka Februari 2025, lilikuwa likibeba zaidi ya mara mbili ya hao, watoto wakiwemo.

Sheria tunayo. Ile ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kesi yake ni ya mahakama ya watoto. Lakini wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Umri unakisiwa, na kijana wa miaka 15 anaandikwa mtu mzima.

Picha zinaweza kusaidia kuonyesha hali hiyo. Mwaka 2010 Mhispania Fernando Moleres aliingia gereza la Pademba Road, mjini Freetown, Sierra Leone, akapiga picha za vijana waliochanganywa na wakubwa. Baadaye akaanzisha shirika la kuwasaidia. Kwangu hilo lina uzito kuliko tuzo alizopata. Mmarekani Richard Ross naye hupiga picha za vijana waliofungwa kwao, akificha nyuso zao.

Wapiga picha wetu wamfuate Ross. Kwetu Bukavu, iwe Kadutu au Bagira, kijana akishaonekana kwenye simu za watu kama mwizi, nani atampa kazi? Mitaani anaweza hata kupigwa. Pigeni picha ya mahali anapolala, chakula chake, mikono yake midogo. Halafu maonyesho yaanzie kwa mahakimu, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kumtoa, kisha yaende kwa wabunge wa jimbo.