Nani Anamsikiliza Mtoto Akisoma? Kutoka Redio ya 1973 hadi Kishikwambi



Mama yangu alikuwa kiongozi wa kikundi cha redio. Mwaka 1973 mimi nilikuwa darasa la pili, na kazi yangu ilikuwa kwenda kwa jirani kuazima redio. Betri zake tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Redio iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, watu wakaketi mikekani, kipindi cha Mtu ni Afya kikaanza. Kilipokwisha, mama aliizima redio.

Naomba mkikumbuke kitendo hicho cha kuzima redio, kwa sababu hapo ndipo somo lilipoanza. Alifungua kijitabu, akasoma polepole maelezo kuhusu kichocho, kisha akauliza: sisi tunachota maji wapi, na watoto wetu wanaogelea wapi? Watu walibishana mpaka giza likaingia. Wiki iliyofuata wanaume watatu walianza kuchimba choo. Mmoja wao ni yule aliyebisha kuliko wote.

Nilipokuja kusoma elimu ya watu wazima ndipo nilipojua ukubwa wa jambo lile. Rais Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio, ilifuata katika mkondo huohuo. Ilichukua wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, nchi nzima, wakati vijiji vingi havikuwa na umeme wala barabara ya kupitika masika. Lakini takwimu ninayoirudia kila mwaka mbele ya wanafunzi wangu ni nyingine: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya hadi kijijini. Sauti ya redio ilitoka mahali pamoja, Dar es Salaam. Gharama, jasho na akili ya kampeni vilikuwa upande wa pili, kwa yule mtu aliyeketi kando ya redio akijua aulize nini ikishazimwa.

Leo tuna vyombo ambavyo mama asingeweza kuviota. Sera yetu ya kwanza ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi kwenye pwani yetu, na kizazi kipya kikakua na intaneti mfukoni. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile, uamuzi ninaousifu kwa moyo wote, kwa kuwa mali ya umma iliyokwisha kazi moja ilipewa nyingine badala ya kuozea ghalani.

Hata hivyo ghala lipo. Nimezunguka shule nyingi nikiwakagua wanafunzi wetu wa ualimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja niliomba kuona kompyuta walizopewa. Zilikuwa stoo, zimefunikwa kwa khanga safi, zinang'aa. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, naye alikuwa wilayani kwenye kikao. Aliporudi kesho yake alinieleza bila kuficha: kila kompyuta ina namba katika daftari la mali, na ikipotea au ikivunjika, yeye ndiye atakayeandika maelezo na pengine kulipa. Hakuna daftari linalomuuliza kama kuna mtoto aliyeigusa. Mwalimu yule simlaumu hata kidogo. Tumemwekea hesabu ya vyombo, naye anavilinda vyombo. Tungemwekea hesabu ya watoto, angelinda watoto.

Sasa nije Tanga, maana huko lilifanyika jaribio ambalo kila mwalimu anayezungumza Kiswahili anapaswa kulijua. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15, lilitaka programu ambayo mtoto ataitumia kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Timu tano zilifika fainali. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, karibu watoto 3,000 katika vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi, kila mtoto na chake. Programu zilikuwa za Kiswahili. Vifaa vilichajiwa kwa nguvu ya jua palepale kijijini.

Fikirini watoto wenyewe walikuwa nani. Asilimia 74 walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Niliposoma matokeo yale nilitokwa na machozi, na sioni haya kulisema hapa. Mtoto wa kuchunga mbuzi, ambaye shule haikuwahi kumfikia, alikaa chini ya mwembe na kioo chenye mwanga akaanza kusoma! Anayedharau jambo hilo hajui maana ya kutojua kusoma.

Lakini hesabu tuimalize. Zaidi ya asilimia 90 ikipungua kwa nusu, bado inabaki zaidi ya 45. Karibu mtoto mmoja kati ya wawili, akiwa na kifaa chake mwenyewe kwa mwaka na robo, hakuweza bado kusoma neno moja. Huyo ndiye anayeninyima usingizi. Kishikwambi kinajua kidole kimegusa jibu lipi. Hakijui kama mtoto ameshinda njaa, au kama sikio lake moja halisikii. Mtoto anaposoma kula akatamka kura, mtu mzima aliye kando yake huinua kichwa papo hapo, akajua kama ni ulimi wa lugha ya nyumbani au ni herufi ambayo bado haijakaa akilini. Tusisahau pia kwamba kwa watoto wengi wa mkoa ule Kiswahili si lugha ya kwanza. Nyumbani ni Kisambaa, Kizigua, Kidigo, au Kimaasai upande wa Handeni. Programu ilizungumza lugha moja. Mama kijijini angezungumza mbili.

Wenzetu nao wametuonesha njia na mashimo yake. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na tathmini iliyofuata haikuona nyongeza katika kusoma wala hisabati. Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza katika uchaguzi wa 2013, ikaanza kusambaza vishikwambi 2016. Faida kubwa niionayo mimi katika mpango ule ni umeme ulioingia shule nyingi za vijijini kwa sababu yake. Umeme huo unabaki hata kifaa kikifa.

Kuna jambo la lugha ambalo siwezi kuliacha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotoa iliyosema Kiswahili tangu menyu hadi maelezo ya makosa. Kuanzia 2014 katuni za Ubongo Kids zimefundisha hisabati kwa nyimbo za Kiswahili, na watoto wa mtaani kwetu huzitazama wamejazana kwa jirani mwenye televisheni, wakijibizana na wahusika, wakisahihishana. Tazameni: kikundi cha redio kimejizaa upya bila kuitwa. Kisha mtoto huyohuyo anaingia kidato cha kwanza, na kila kitu kwenye kioo kinageuka Kiingereza. Aliyekuwa akibishana na televisheni anakaa kimya. Hakuna kasi ya intaneti itakayofidia kimya hicho, na sisi wenye madaraka ya kuamua lugha ya kufundishia tumelisogeza suala hili mbele kwa muda mrefu mno.

Namalizia kwa ombi, Makamu Mkuu wa Chuo. Kuanzia mazoezi ya kufundisha yajayo, wanafunzi wangu kila mmoja atachagua watoto watatu wasiosoma vizuri, awasikilize wakisoma kwa sauti, dakika kumi kwa kila mtoto kila wiki, simu ikirekodi kwa idhini ya mzazi. Simu wanazo. Rekodi ya wiki ya kwanza na ya mwisho tutazisikiliza pamoja hapa chuoni, tujifunze kusikia. Fomu yetu ya ukaguzi ina alama za zana za kufundishia. Naomba iongezewe sehemu moja: ni mtoto gani alisikilizwa, na alikwama wapi.

Sehemu hiyo sikuibuni mimi. Kijitabu cha mama ninacho hadi leo, jalada limetoka. Pembezoni mwa kila ukurasa aliandika kwa penseli majina ya wanakikundi wote, akatia alama kwa kila aliyezungumza jioni ile. Wiki iliyofuata, redio ikishazimwa, swali la kwanza lilikwenda kwa yule asiye na alama.