Picha Nzito Zisimnyime Mwananchi Fomu

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wasimamizi wa wadi pamoja na vijana wanaotuletea picha za tovuti



Siku za mwisho za kuomba basari, mama mmoja alifika ofisini kwetu, simu mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, nimenunua bando mara mbili na fomu bado sijaiona." Nikafungua ukurasa ule kwenye simu yake. Zikaanza kujitokeza, polepole, picha za uzinduzi wa mradi wa maji. Fomu ilikuwa chini kabisa. Picha zile nilizipakia mimi mwenyewe.

Tufanye hesabu. Picha ya simu ya siku hizi yaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti 4. Ukiweka 10 kama zilivyo, ukurasa mmoja una megabaiti 40. Mwenye bando la megabaiti 20 litamwishia njiani. Ilhali Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Dawa ipo, na haihitaji zabuni.

Kwanza, punguzeni vipimo. Kwa picha ya tovuti, upana wa pikseli 1,200 unatosha.

Pili, baneni picha. Ukihifadhi JPEG kwa ubora wa 75 hivi, ni vigumu kwa jicho kuona tofauti, na picha nyingi za upana huo hubaki na kilobaiti 200 hivi. Picha 10 sasa ni megabaiti 2, si 40. Programu ya Squoosh hufanya kazi zote mbili bila malipo. Inaweza pia kugeuza picha iwe WebP, muundo uliotolewa na Google mwaka 2010, ambao kwa kawaida ni mwepesi kuliko JPEG. Lakini baneni nakala tu. Picha halisi muiweke, kwani siku ya kuchapisha bango tutaihitaji ikiwa kubwa.

Tatu, chagueni. Uzinduzi mmoja hauhitaji picha 10. Mbili nzuri zinatosha.

Nne, tangazo liandikwe, lisipigwe picha. Maandishi ya ukurasa mzima ni kilobaiti chache tu. Tena programu inayomsomea asiyeona huyatamka bila shida, lakini picha ya karatasi yenye mhuri mara nyingi humwacha gizani.

Kwa upande wetu, fomu na tarehe za mwisho tumezipandisha juu ya ukurasa. Picha ziko chini, na hazipakuliwi mpaka msomaji azifikie.

Yule mama nilimchapishia fomu, akaijaza pale pale. Yeye alikuwa na nauli ya kutufikia. Sijui ni wangapi hawakuwa nayo, wakakata tamaa wakiwa nyumbani.

Basi kabla ya kututumia picha, tazama uzito wake. Na wewe mkazi, ukurasa wetu ukikumalizia bando kabla hujapata ulichotafuta, mwambie msimamizi wa wadi yako atufikishie. Kosa hilo ni letu, na tutalirekebisha.