Dawa za Miti Zina Kipimo



Tumeombwa tuseme juu ya semina ya dawa za miti. Sisi ni watu 19 kutoka vijiji vitatu vya kando ya Ziwa, upande wa Magu. Wengi wetu ni wakulima wa pamba na wavuvi. Wamo pia wakunga wa jadi wawili, mganga wa jadi mmoja ambaye ni mzee sana, na nesi wa zahanati. Tulikutana kila Jumamosi kwa miezi mitatu chini ya mwembe wa shule. Leo tunawaeleza tulichojifunza, na pia tulichokataa kujifunza.

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Wako wanaosema: "Hawa wamerudi nyuma. Zahanati ipo, wao wanachemsha majani." Na wako wanaosema: "Afadhali, sasa tuachane na vidonge." Wote hawakutuelewa. Nesi alikaa nasi kwenye mkeka mmoja na mganga wa jadi. Kila mmoja alimfundisha mwenzake. Hiyo ndiyo semina.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu karibu milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, redio katikati na kijitabu mkononi. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Sisi tumefuata njia hiyo hiyo. Tena Mwanza si mgeni wa mambo haya. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianza huku mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO. Watu walijifunza kusoma huku wakijifunza kilimo cha pamba. Sisi tumeongeza somo la miti.

Siku ya kwanza tuliweka mezani daftari tupu. Tulichora safu tano. Safu ya kwanza, jina la mti. Ya pili, sehemu inayotumika: jani, gome, mzizi au tunda. Ya tatu, kiasi. Ya nne, namna ya kutengeneza. Ya tano, nani asipewe.

Mtaona ni jambo jepesi. Si jepesi hata kidogo! Safu ya jina peke yake ilitumaliza Jumamosi mbili. Hapa kwetu tunaishi Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wakara, na kila mmoja ana jina lake. Mbuyu Wasukuma huuita ng'wandu. Mkwaju ni nshishi. Hiyo ni miti mikubwa, inajulikana, haina ugomvi. Ugomvi ulikuja kwenye miti midogo ya porini. Mtu anataja jina, mwenzake anakubali, kumbe kila mmoja ana mti wake kichwani. Basi tukaweka sharti: hakuna kuandika mti wowote bila tawi lake mezani, lenye majani, na maua kama yapo.

Sharti hilo lilitusaidia kwenye mwarobaini. Kijana mmoja alileta tawi akasema ni mwarobaini. Lilifanana kweli. Lakini lilikuwa na maua ya zambarau, na maua ya mwarobaini ni meupe. Tena majani yake yalikuwa yamegawanyika mara mbili: kikonyo kikubwa kinatoa vikonyo vidogo, na vikonyo vidogo ndivyo vinavyobeba majani. Mwarobaini una kikonyo kimoja tu, na majani yamepangwa pande mbili. Ule mti mwingine ni wa mapambo, hupandwa sana majumbani, na matunda yake yana sumu. Sasa fikiria mtu anayechemsha bila kuangalia.

Na huo mwarobaini wenyewe, jina lake linasema unatibu magonjwa arobaini. Sisi tuliandika matumizi matatu tu. Vijiti vyake ni mswaki mzuri. Mafuta ya majani yake hupakwa kwenye upele. Na la tatu si ugonjwa: majani makavu ndani ya ghala hupunguza wadudu wanaobungua nafaka. Yale mengine 37 tuliyaacha mpaka aje mtu wa kutuonyesha.

Katika safu ya tano tuliandika kwa wino mwekundu: mama mjamzito asinywe mwarobaini, na mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mbegu zake. Huko Malaysia watoto wachanga waliwahi kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani. Waliugua vibaya, na wengine walikufa. Wakunga wetu wawili waliposikia hayo walinyamaza kitambo. Halafu mmoja akasema, "Safu ya tano ndiyo dawa." Tangu siku hiyo hatuandiki safu nyingine yoyote kabla ya kujaza hiyo.

Tuwaeleze mafuta ya upele, maana mmeyauliza sana. Chukua majani makavu ya mwarobaini, yaponde, pima gramu 10. Pima mafuta ya alizeti mililita 100. Tia vyote katika sufuria ndogo. Sufuria ndogo iweke ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, si juu ya moto wenyewe, maana mafuta yakishika moto utaunguza nyumba. Acha saa 1. Chuja kwa kitambaa safi. Ongeza nta ya nyuki gramu 10, koroga mpaka iyeyuke. Mimina katika vikopo vilivyochemshwa. Andika jina la dawa na tarehe. Upele ukimpata mmoja, pakeni nyumba nzima, fueni nguo na mashuka, yaanikeni juani. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nendeni zahanati.

Kipimo cha pili ambacho kila mmoja wetu anakijua kwa moyo ni cha mtu anayeharisha. Hapa Ziwani tunakijua kipindupindu, hatuna haja ya kuhadithiana. Kinachomuua mtoto ni maji kumwishia mwilini. Pakiti ya maji ya chumvichumvi ya zahanati ndiyo bora, na mtoto apewe na vidonge vya zinki. Lakini pakiti ikiwa mbali na usiku umeingia, chukua maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita 1. Tia sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu kijiko cha chai. Onja kwanza. Yasizidi chumvi ya machozi. Ukizidisha chumvi, unamdhuru mtoto uliyetaka kumponya. Mpe kidogo kidogo, na safari ya zahanati ianze.

Sasa tuseme habari ya siri. Katika Usukuma, nfumu humwachia dawa mwanawe au mjukuu wake. Hata ngoma zetu zina habari hiyo. Wagika na Wagalu mnawajua. Wanasema chama kimoja kilianzishwa na Ngika na kingine na Gumha, waganga wawili walioshindana kwa dawa, nani atavuta watu wengi zaidi. Ushindani huo umetupa ngoma nzuri. Lakini dawa ikiwa siri ya mtu mmoja, akifa inakufa. Mzee wetu alikuwa na wasiwasi juu ya daftari. Alisema, "Mkiandika, mtaniibia." Hatukumlazimisha. Tulikubaliana kwamba kila dawa yake iandikwe na jina lake pembeni, na ile asiyotaka kuitoa abaki nayo. Mpaka leo ametoa tisa.

Manufaa ya maandishi tunayaona kwa Wachina. Miaka zaidi ya 1600 iliyopita mtu mmoja wa kwao aliandika dawa ya homa. Aliandika mmea wenyewe, ambao ni wa jamii moja na pakanga wetu. Akaandika kwamba uloweke katika maji, uukamue, unywe. Hakusema uchemshe. Katika miaka ya 1970 mtafiti mama mmoja, Tu Youyou, alikuwa anatafuta dawa ya malaria. Mmea huo alikuwa ameujaribu ukamkatalia. Aliposoma tena maandishi yale, akagundua kwamba pengine moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia njia isiyo ya moto mkali, na dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayopewa zahanati, ile iliyoanza kutumika kwetu mwishoni mwa mwaka 2006, asili yake ni mmea huo.

Msikilizaji mmoja atasema: "Basi tupande mmea huo tunywe chai yake, tusisumbuke na zahanati." Hapana, ndugu. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa malaria. Dawa iliyomo katika majani ni kidogo, tena haiwi sawa kila mara. Ukinywa kidogo, vijidudu havifi vyote. Vinavyobaki vinazoea dawa, na siku nyingine kidonge nacho kitashindwa. Hapa hatukugombana na mtu. Tuliangalia safu ya kiasi, tukaona hatuwezi kuijaza.

Jumamosi ya saba jambo lenyewe lilitufikia. Tulikuwa tumekaa na daftari. Mama mmoja akaja mbio, mtoto mgongoni, anatetemeka na macho yamepinduka. Degedege. Mama hakumtafuta nesi. Alimtafuta mzee wetu, maana kwa wengi degedege si ugonjwa wa hospitali, na inasemwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Mzee alimshika mtoto kichwa, akamgeuza alale ubavu, akasema: "Huyu si wangu. Huyu ni moto wa malaria. Nesi, twende." Pikipiki ilipatikana. Zahanati walimpima damu, wakampa dawa ya kwanza kwa njia ya haja kubwa, wakamwandikia kwenda kituo cha afya. Huko alichomwa sindano ya artesuneti. Na artesuneti, ndugu zangu, hutoka kwenye mmea ule ule wa Wachina! Mtoto alirudi nyumbani siku ya tano.

Angesema mganga mwingine, "Niachieni," tungezika. Na mama yule angemsikiliza nani kama si mzee? Nesi mwenyewe amekiri kwamba yeye asingeweza kumgeuza njia kwa haraka ile. Ndiyo maana tunawaomba wenye zahanati wasiwafukuze waganga wa jadi wanaokubali kushirikiana. Huko Tanga, tangu mwaka 1990, madaktari na waganga wa jadi walianza kushirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Uganda nao walianza jambo kama hilo mwaka 1992. Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za jadi mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Na tangu mwaka 2002 tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza lake. Mganga anatakiwa aandikishwe. Ukimuuliza cheti akakasirika, tafuta mwingine.

Tulichokataa ni hiki. Semina yetu haina ramli. Hatusemi nani kamroga nani. Mnajua yaliyotokea katika Kanda hii ya Ziwa. Bibi zetu waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ni moshi wa miaka hamsini ya kupika kwa kuni na samadi. Ndugu zetu wenye ualbino walikatwa viungo kwa sababu mpiga ramli kamwahidi mtu utajiri. Januari 2015 Serikali ilitangaza marufuku ya wapiga ramli hao. Mtu wa namna hiyo alikuja kwetu mara moja akataka kujiunga. Tukamwonyesha zile safu tano, tukamwambia ajaze. Hakurudi.

Tulikataa pia dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2011 watu wengi wa Mwanza walipanda magari mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wako waliorudi wakaacha dawa za hospitali wakidhani wamepona, wakazidiwa. Kwetu sisi kifua kikuu, UKIMWI, kisukari na shinikizo la damu havimo katika daftari. Kichocho nacho hakimo. Sisi tunaoingia majini kila siku tuna kichocho kuliko tunavyokubali. Dawa yake ni prazikwanteli, na dozi huhesabiwa kwa uzito au urefu wa mtu. Mkiambiwa zamu ya kumeza, mezeni.

Nyoka tuliwasikiliza Bayeye, wale wacheza nyoka. Wanawajua nyoka kuliko sisi wote, na ni vizuri wakutambulishie aliyekuuma. Lakini usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Mguu utulie usichezeshwe, mgonjwa abebwe, apelekwe hospitali.

Limebaki jambo la miti yenyewe. Dawa nyingi za wazee ziko kwenye magome na mizizi, na watu wanachuna mti mpaka unakufa. Ukizungusha kisu mti mzima, umeuua. Chuna upande mmoja, kipande kidogo, upake udongo. Mzizi chimba wa pembeni, ufukie. Pale dawa ya jani inapotosha, acha gome. Wenzetu wa Shinyanga walifufua ngitili zao kuanzia mwaka 1986, chini ya mradi wa HASHI, na miti ya dawa iliyokuwa imepotea ikaonekana tena humo. Sisi tumeomba Serikali ya kijiji itutengee kipande nyuma ya shule. Bado tunasubiri jibu, na Mwenyekiti yuko hapa ananisikia.

Darasa la pili linaanza Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, chini ya mwembe ule ule. Njoo na daftari, kalamu, na tawi moja lenye majani na maua. Mwenye nta ya nyuki alete, tutamlipa. Watoto wadogo wabaki nyumbani, kwa sababu ya yale mafuta ya moto.