Tuache Njia Kabla ya Kujenga

Hotuba kwa wakazi wa Bulumbi



Tangu Wilaya ya Busia ilipomegwa kutoka Tororo mwaka 1997, mji wa mpakani umezidi kutanuka kuelekea vijijini. Shamba la mihogo hugawanywa viwanja, kila mnunuzi akazungushia ua wake, na kijia kilichopitwa na wote kikaishia mlangoni mwa mtu mmoja. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mtaa mzima umefungika.

Jambo hili si la Busia peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, katika sehemu kubwa ya dunia, barabara zilizojengwa tangu mwaka 1975 zimezidi kukosa kuunganika. Ubaya wake ni kwamba nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, bali njia hudumu vizazi na vizazi. Kariakoo ya Dar es Salaam ingali inafuata mitaa iliyonyooka ya enzi za Wajerumani, ingawa vibanda vya zamani vimegeuka maghorofa.

Sisi polisi tunalisema hili kwa kuwa linahusu uhai. Mwananchi anapopiga 999 usiku, gari hufika pale njia inapofika. Gari la zimamoto haliruki ua, wala mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kusubiri dereva arudi nyuma kutafuta njia nyingine.

Wapo wasemao kwamba njia isiyotokea huwazuia wezi. Ndugu zetu, mwizi huenda kwa miguu, na uchochoro usiopitwa na watu ndio maficho yake. Wala hatusemi njia za panya zifunguliwe. Mpaka uvukwe pale sheria inapoelekeza. Tunazungumzia njia ya kumuunganisha jirani na jirani, na wote na barabara kuu.

Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima, miji na vijiji, kuwa eneo la kupangwa. Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, familia inayouza ardhi ikubaliane juu ya njia kabla ya kupima kiwanja cha kwanza, na njia hiyo itokee pande mbili. Pili, makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1 na majirani, kisha yafikishwe kwa kamati ya mipango ya kata. Tatu, njia ikizibwa, lisuluhishwe mapema kwa mazungumzo, kabla ya panga kushikwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya njia mambo hugeuka: usipoacha nafasi leo, kesho utabomoa ukuta. Leo Bulumbi bado ina nafasi, tuitumie.