ASKARI WA MWILI WANAPOKOSEA ADUI
Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili



Katika semina za UKIMWI tulizofanya kwa miaka mingi huku Iringa na Mbeya, tulizoea kusema kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na kwamba virusi huwaua askari hao. Leo tunazungumzia balaa la namna nyingine: askari wapo, wana nguvu, lakini wanampiga mwenye nyumba.

Miongoni mwa askari hao zimo seli B. Herufi hiyo inatokana na bursa, kifuko kilicho karibu na njia ya kinyesi ya kuku. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaranga akiondolewa kifuko hicho, hushindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo. Sisi binadamu hatuna kifuko hicho. Seli B zetu huanzia kwenye uboho wa mifupa. Seli B ikigusana na kijidudu inachokitambua, hupata ishara ya kwanza. Kwa kawaida husubiri ishara ya pili kutoka kwa seli za CD4, zile zile zinazopimwa kwa wenye VVU. Zikikubaliana, kingamwili humwagwa kwenye damu.

Utaratibu huo wa mashahidi wawili ni mzuri, lakini unaweza kudanganyika. Bakteria aitwaye streptokokasi huleta maumivu ya koo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na huenea upesi pale wanapolala wakibanana. Baadhi ya sehemu zake zinafanana na sehemu za moyo. Hivyo wiki 2 au 3 baada ya koo kuuma, kwa baadhi ya watoto kinga hugeukia viungo na vali za moyo. Homa hiyo ikirudiarudia, vali huharibika. Msichana wa namna hiyo akipata mimba, maisha yake yamo hatarini.

Tukiri kosa letu. Tumezoea kuchangia safari ya mgonjwa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya. Hilo ni jema. Lakini hatukuuliza ni nani aliyekosa sindano ya penisilini kwa kukosa nauli ya kufika hospitali ya jirani. Sindano hiyo hutolewa kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Haiponyi vali iliyokwisha kuharibika. Inamzuia bakteria asirudi kuwachokoza askari.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Mtoto akiumwa koo na homa, asipelekwe kukatwa kimeo. Apelekwe zahanati, na dozi imalizwe.
2. Kila usharika, kwa ridhaa ya wazazi, uwe na daftari la tarehe za sindano.
3. Mfuko wa diakonia utenge nauli.
4. Wafadhili wanaolipia upasuaji wakumbuke na sindano.

Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Aliacha fedha za matunzo na kuahidi kurudi. Sindano ya kila mwezi ndiyo kurudi kwetu.