Matibabu bila malipo na mafunzo ya madaktari: mgonjwa ana haki gani?



Kambi ya matibabu bila malipo ikifanyika, watu hurauka kupanga foleni. Wakifika mezani, mara nyingi anayewapima shinikizo la damu ni kijana mwanafunzi, daktari akisimama kando. Wengine hunong'ona kwamba maskini wanafanyiwa majaribio. Hofu hiyo inastahili jibu.

Tutazame Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufunza madaktari mwaka 1990, kiliweka katika mtaala mpango wa kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya mashinani, wajifunze huku wakihudumia jamii. Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kikawa mshirika wake.

Mwaka 2000, dawa za kupunguza makali ya ukimwi zikiwa ghali mno kwa Wakenya wengi, mwanafunzi mmoja wa udaktari alilazwa akiwa mahututi katika hospitali ile ile aliyokuwa akijifunzia. Walimu wake wakatafuta dawa, akapata nafuu. Je, wagonjwa wengine wodini wangeachwa? Mwaka uliofuata, washirika hao walianzisha mpango wa AMPATH, wakafungua kliniki Eldoret na Mosoriot. Huduma hiyo ilienea magharibi mwa Kenya, na madaktari wengi wamejifunza kazi humo.

Hata hivyo, faida hiyo haimwondolei mgonjwa haki yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya bora. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu anayopewa, kisha akubali kwa hiari.

Kwa hivyo ukifika kambini, uliza mambo matatu. Anayekuhudumia ni mwanafunzi, mwanagenzi au daktari aliyehitimu? Nani anamsimamia? Na kambi ikifungwa, utaendelea na matibabu wapi? Swali la mwisho ni muhimu hasa kwa wenye kisukari na shinikizo la damu, kwa sababu dawa za wiki mbili hazitoshi.

Ukiona haya kupimwa mbele ya wanafunzi, sema. Hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo.

Daktari atakayemtibu mjukuu wako lazima ajifunze kwa mtu fulani. Akijifunza kwako, na akuheshimu, chini ya macho ya mwalimu wake.