Jalada kabla ya barua

Msikilizaji, mtumishi wa umma wa Mkwaja, kusini mwa mto Pangani, akifukuzwa kazi kwa utoro, jirani zake watamwambia akimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Huko, watasema, atarudishwa. Lakini tangu mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza ngazi za utumishi wenyewe: Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Rais. Mahakama ya Rufani ilikazia hilo mwaka 2022, kwenye shauri la Shirika la Posta.

Upande wa pili wa meza yupo mwanasheria wa halmashauri ya Pangani, ambaye hatumsemi sana. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, si kushinda rufaa. Ni kusoma jalada kabla barua ya kufukuza haijasainiwa. Hati ya mashtaka ilimfikia mtuhumiwa? Daftari la mahudhurio limeambatanishwa, au kuna maneno ya mkuu wake wa kazi tu? Alipewa nafasi ya kujitetea? Kasoro moja hapo, na mtoro wa kweli anaweza kurudishwa kazini, na mishahara yake juu.

Tatizo, bosi wa mwanasheria huyo ni mkurugenzi yuleyule anayeisubiri barua. Kumwambia "mzee, hili halijaiva" kunataka moyo. Shauri likifika Mahakama Kuu, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na mawakili wa serikali hulibeba. Jalada watakalolitetea, hata hivyo, ni lilelile lililoandikwa Pangani.